Maji Juu ya Mlima wa Maombi

Wenzangu mnaobaki kazini,

Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, nanyi mkaongeza kwa upole kwamba nisiwe na maneno mengi. Nimeanza mara kadhaa na vyeo nilivyopewa, na kila mara nimesinzia kabla ya kufika cheo cha pili; kwa hiyo vyeo na vibaki katika faili huko ofisini Uvira. Nitawaandikia juu ya kiangazi. Mvua ina magonjwa yake, na magonjwa hayo yana mabango, semina na magari yenye antena ndefu. Kiangazi hakina gari. Kinakuja polepole kutoka upande wa mto Ruzizi na upepo wake wa vumbi, kinakausha midomo, pua na macho, na kwa kuwa hakiji kwa kishindo hakuna anayekiita ugonjwa. Mimi nimekiita hivyo miaka yote niliyovaa koti jeupe, na katika kiangazi changu cha mwisho kazini nilikiona kikishindwa. Sikukishinda peke yangu, na hilo ndilo hasa ninalotaka kulieleza.

Nilifika kituoni mwezi wa saba. Kwa wale ambao hamjawahi kupangiwa huko, kituo kiko kando ya barabara inayotoka Uvira kwenda bondeni, kabla ya kufika Runingu. Mlima umesimama nyuma yake kama ukuta, na kutoka barazani mtu analiona ziwa kwa mbali, jembamba na jeupe kama bati jipya. Nilikuwa nimetoka Bukavu na shahada ya uzamili ambayo wino wake ulikuwa bado mbichi. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu usafi wa maji katika mitaa ya kando ya ziwa: vijidudu, klorini, madumu, mabomba. Mzee Mulonda, muuguzi mkuu aliyenipokea, hakuuliza habari za kurasa hizo. Aliniuliza kama nilikuwa nimekunywa maji tangu nilipotoka mjini. Nilimjibu kwamba suala la msingi lilikuwa chanzo cha maji yenyewe. Alinitazama, kisha akauliza tena swali lilelile kwa sauti ileile, kama mtu anayepima homa mara ya pili kwa sababu hakiamini kipimajoto. Sikuwa nimekunywa.

Kabla wiki haijaisha waliteremshwa watu kutoka mlimani, na mmoja wao alikuwa juu ya kipoyi, kile kitanda cha miti kinachobebwa mabegani. Walikuwa wametoka kuomba. Kwetu, kiangazi ndiyo majira ya mlima wa maombi: mvua hainyeshi, nyasi zimekauka, watu wanaweza kulala nje bila kuloa. Makanisa hupanda kwa zamu, na wengi hufunga funga kavu, yaani siku tatu bila chakula na bila tone la maji, juani, wakiimba. Wale waliokuja kwa miguu tuliwarudisha kwao. Yule wa kwenye kipoyi, baba wa watoto wadogo, alikuwa amechelewa. Tulimtundikia maji ya mshipa, lakini jua halijazama akawa ametutoka.

Sitaficha kwamba nilitikisika. Mzee Mulonda aliipokea sindano mkononi mwangu, akaiweka mbali. Kilichonisumbua siku zilizofuata ni jambo moja nililoligeuza kila upande. Maji ya kisima cha kijiji kile nilikuwa nimeyapima mwenyewe, nayo yalikuwa safi. Mtu alikuwa amekufa kwa kukosa maji katika kijiji chenye maji safi. Niliipitia tasnifu yangu yote kichwani, pamoja na viambatisho, nikitafuta sura ambayo ingemfaa, na haikuwepo. Kisha nikajiuliza kama kuitafuta huko hakukuwa njia ya kuukwepa msiba. Mzee Mulonda aliniacha nifikiri kwa muda, halafu akanituma nikafagie baraza, akinikumbusha kwamba vumbi la kiangazi hufagiwa baada ya kunyunyiza maji, la sivyo linahamia tu kutoka sakafuni kwenda mapafuni.

Alinifundisha kwa namna hiyo, kazi kwanza na maelezo baadaye. Alinifundisha kubana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuangalia inavyorudi. Ikirudi polepole, muda uliobaki ni mfupi. Alinifundisha kuangalia ulimi kabla ya kusikiliza malalamiko. Na alinifundisha kutomuuliza mtu kama anakunywa maji, kwa sababu kila mtu atasema ndiyo, kama vile kila mtu husema anasali. Muulize amekojoa lini mara ya mwisho, na mkojo ulikuwa na rangi gani.

Swali la rangi ndilo lililonipa kifaa changu cha kwanza. Nilianza vibaya. Nilichapisha huko Bujumbura chati nzuri ya karatasi yenye rangi nane, kuanzia njano hafifu mpaka kahawia, nikaitundika barazani. Jua la kiangazi likaipausha, na kabla ya mwezi kwisha rangi zote nane zilikuwa za mtu mwenye afya kamili. Ndipo nilipochukua chupa nne ndogo za dawa, nikazichemsha, nikazijaza chai: ya kwanza iliyopitiwa tu na majani, ya nne iliyosahauliwa juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Kila Jumatatu nilizijaza upya. Mtu akifika namwonyesha chupa, naye ananionyesha kwa kidole. Ukiwa kwenye ya kwanza, endelea na kazi yako. Ukiwa kwenye ya pili, kunywa sasa. Ya tatu, kaa kivulini unywe mbele yangu. Ya nne, usitoke hapa. Mama mmoja aliyekuja na mtoto mwenye kikohozi alizitazama chupa kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Muganga, na weye umeanza kuuzisha chai?" Nilipomweleza, alicheka hadi akakaa chini. Miezi mingi baada ya hapo hakuna aliyekubali kunywa chai kituoni, hata wageni kutoka ofisi ya zoni ya afya, ambao kwa kawaida hawakatai kitu.

Mengine niliyokuwa nikiwaambia watu mnayajua, lakini nayarudia kwa kuwa kiangazi nacho hujirudia. Anza siku na kikombe cha maji kabla ya kushika jembe. Kunywa kidogo mara nyingi, usingoje kiu, hasa ukiwa mzee, maana mwili wa mzee husahau kuomba. Wachoma matofali na wakata mpunga wapumzike jua linapokuwa juu ya utosi, na wafunge kitambaa chepesi puani. Midomo iliyopasuka ipakwe mawese kidogo, usiilambe. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji, ananyonya zaidi, na mama yake ndiye anayekunywa kwa ajili ya wawili. Kwa aliyekauka, kama huna pakiti ya seramu ya kunywa, pima lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo wa kijiko. Pima, usikadirie. Nimeona seramu za kukadiria ambazo zingeweza kuhifadhi samaki.

Mzee Mulonda alipostaafu nilibaki na ofisi, kipimajoto chake na maswali yake. Miaka ikapita. Watu wa barabarani na wa mashambani walizoea chupa zangu. Lakini mlima wa maombi ulibaki pale nyuma, na kila kiangazi ulituletea wagonjwa wake.

Sasa nifike kwa Mama Faida. Alikuwa kiongozi wa waombezi katika kanisa la kijiji, mkulima wa karanga, mwanamke mrefu mwenye sauti ambayo watu walidai inasikika mpaka ng'ambo ya Ruzizi, na mimi sijawahi kuwabishia. Yeye ndiye aliyeanzisha kupanda kwa siku tatu katika kanisa hilo, na kila kiangazi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza njiani. Viangazi viwili kabla sijastaafu, aliteremshwa juu ya kipoyi. Mkojo wake ulipita chupa yangu ya nne, kisha haukuonekana kabisa. Tulimkimbiza hospitali mjini Uvira, nami nikakaa naye huko mpaka daktari alipotamka hukumu yake: figo zimerudi kufanya kazi, lakini zikikaushwa tena namna ile, hazitarudi. Aliyasema hayo mbele yetu sote wawili, polepole, kwa Kiswahili na kisha kwa Kifaransa, ili asije mtu akasema hakusikia.

Mwaka uliofuata Mama Faida alikuwa bado dhaifu, hakupanda. Mwaka huohuo Pasta Elia, mchungaji wa kanisa hilo, alinialika nyumbani kwake jioni ya kuamkia safari ya mlimani. Nadhani alitaka nione kwamba watu wake si wapumbavu. Niliketi pamoja na waombezi kuzunguka beseni la bugali, na katikati palikuwa na ndagala waliokaushwa na kukaangwa kwa chumvi, pamoja na samaki wa ziwani tunaowaita mikeke, waliokaushwa kwa moshi, nao wenye chumvi. Chakula kilikuwa kitamu sana. Walikuwa wakila kwa wingi, ili, kama walivyonieleza, tumbo lishike mpaka siku ya tatu. Baada ya tonge chache nikaomba maji, na meza nzima ikacheka.

Aliyenijibu ni Kashindi, shemasi kijana na mpiga ngoma, mwenye mabega ya kubeba mifuko ya saruji. "Muganga, leo maji imeshafungwa," alisema. "Tukikunywa sasa, kesho mu kupanda kila muntu atakuwa anakimbilia mu majani. Na bamama je?"

Nilimuuliza wanapanda saa ngapi. Wanapanda baada ya ibada ya asubuhi, jua likiwa limeshakuwa kali. Nilimuuliza walikunywa maji mara ya mwisho lini. Wengi walikuwa hawajanywa tangu mchana, kwa kuwa ndivyo ilivyofanywa siku zote. Nilikaa pale na ulimi wangu mkavu, nikaelewa kitu ambacho sikukielewa miaka yote nikiwapokea kituoni. Nilikuwa nikidhani ninapambana na funga ya siku tatu. Kumbe ilikuwa ya siku nne, na siku ya kwanza iliongozwa na chumvi. Watu hawa walikuwa wakipanda mlima wakiwa wameshakauka, juani, huku samaki tumboni akidai maji ambayo hayakuwapo.

Nilipomwambia Pasta Elia kwamba chakula kile kibadilishwe, alinisikiliza kwa adabu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja za Maandiko. Nilimtajia Danieli na wenzake, waliokula mboga na kunywa maji. Alinijibu kwamba amemhubiri Danieli mara nyingi kuliko nilivyochoma sindano, na kwamba Danieli hakuwa mlimani. Hoja zangu zote saba zilikufa pamoja na hiyo ya kwanza. Kilichomgusa ni habari ya chumvi, kwa sababu hakuna andiko linaloamuru ndagala. Tukakubaliana: safari isogezwe siku moja, na jioni ya kesho yake waombezi wale samaki mbichi aliyechemshwa bila chumvi, papai na matango, na wanywe maji mpaka wanapolala, wapande alfajiri, na wakihitaji majani waende, Mungu ameyaona majani, waimbe asubuhi na jioni, mchana wakae kimya, na wakishuka wafungue kwa vikombe vidogo, si kwa karamu. Kashindi alilalamika waziwazi. "Samaki bila chumvi iko chakula ya mugonjwa," alisema, na Pasta akamjibu kwamba basi ajifunze kuugua mapema.

Juu ya funga kavu yenyewe Pasta hakutetereka. Aliniruhusu jambo moja tu: wajawazito, wanaonyonyesha, wazee na wagonjwa wangeruhusiwa maji, lakini ndani ya hema, pembeni, ili wasiwakwaze wengine. Hema lilijengwa kwa turubai la bluu. Waombezi wakaliita hema la wagonjwa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeingia. Lilikaa tupu siku zote tatu kama duka la mtu aliyefilisika. Hata hivyo mwaka ule hakuna aliyeteremshwa kwa kipoyi. Nilifurahi, kisha nikaanza kujiuliza kama ni samaki, au alfajiri, au bahati. Mpaka leo sijaweza kuvitenganisha vitu hivyo kwa namna ambayo ingenipa alama nzuri chuoni.

Kikafika kiangazi changu cha mwisho, na Mama Faida akatangaza kanisani kwamba mwaka huu anarudi mlimani kuongoza. Nilimwendea nyumbani. Alikuwa uani akimenya karanga, akanisogezea kigoda na rundo langu la kumenya, maana kwake hakuna anayeketi bure.

Nilimkumbusha maneno ya daktari. Alisema anayakumbuka kwa lugha zote mbili. Nikamsihi basi apande, aongoze, lakini anywe maji hemani kama Pasta alivyoruhusu.

"Mu ile hema sitaingia," alisema. "Dada, minye ndio nilianzisha ile maombi. Bale bote banafunga sababu niliwaonyesha. Nikijificha mu hema na kikombe, nikitoka nitaongoza nani?"

"Na ukifa, utaongoza nani?"

Aliongeza karanga kwenye rundo langu. "Weye unajua kuuliza mubaya," alisema.

Hatukupatana kamili, lakini tulifanya mapatano. Ningepanda nao. Angeniruhusu kuangalia rangi kila asubuhi. Ikifika chupa ya tatu, ningemwambia wazi, naye angeamua akiwa na akili zake, asiamuliwe na watu wa kumbeba kwenye kipoyi. Niliporudi nyumbani nililifikiria neno lile "angeamua", nikaona kwamba nilikuwa nimeyaweka maisha ya mgonjwa wangu juu ya kitenzi kimoja.

Tulipanda alfajiri. Walikuwa wamekula samaki bila chumvi na walikuwa wamekunywa vizuri; kila mara mtu alipotea majanini, wengine wakimtania kwa kumwambia aombe na huko. Nilibeba mfuko wangu, chupa zangu nne, na madumu mawili ya maji kwa ajili ya hema lisilo na watu. Juu ni uwanda wa nyasi zilizochomwa na jua, mawe makubwa, na upepo mkavu usiokoma. Chini bonde lote linaonekana, na Ruzizi ikijipinda kuelekea ziwani, maji mengi kuliko macho yanavyoweza kubeba. Nilijiuliza nani alipachagua mahali pale, na kama alikuwa na kiu.

Siku ya kwanza ilikwenda salama. Mama Faida aliongoza kwa sauti yake yote, nami nilimwomba mara mbili aipunguze, naye mara mbili alinipa jicho. Asubuhi ya siku ya pili alinifuata nyuma ya mawe na kichupa chake. Nilikiweka kando ya chai zangu. Nilikigeuza kwenye mwanga, nikakirudisha, nikakigeuza tena. Nilikuwa nikitafuta namna ya kukiona cha pili. Kilikuwa cha tatu.

"Ni ya tatu, dada," nilisema.

"Nimeona."

Alirudi kuomba. Sikuwa na haki ya kumshika mkono, na hata ningekuwa nayo, mkono ule ulikuwa na nguvu kuliko wangu. Nilikwenda kusimama kando ya hema, nikajaza kikombe, nikakiweka ndani, karibu na mlango, mahali ambapo angekiona. Nilikuwa tayari kumwambia Pasta aikatishe safari, nami nilikuwa nikipanga sentensi ya kuanzia, ndipo ngoma iliponyamaza.

Ilikuwa karibu na saa sita mchana. Mchana ulikuwa wa kimya, lakini Kashindi alikuwa ameendelea kupigapiga taratibu kwa vidole, kama mtu anayejizuia kulala. Sasa alikuwa amekaa wima, ngozi yake imekauka kabisa, bila jasho, na alikuwa akimwita mtu ambaye hakuwapo. Jana yake alikuwa amepiga ngoma juani kuliko wote. Tulimvuta kwenye kivuli cha jiwe, nikalowanisha kitenge changu na kumfunika kifuani, mwingine akampepea kwa kofia. Fahamu zikamrudia. Alinitambua, akaniita Muganga, akaweza kumeza mate. Nikamletea kikombe kingine midomoni.

Akageuza uso. "Hapana. Mama hajakunywa."

Nilimwambia hili si jambo la Mama. Pasta Elia akaja, akainama, akamwambia amemruhusu, aingie hemani. Kashindi akatikisa kichwa.

"Mama iko mugonjwa kunishinda, na hajakunywa," alisema. "Minye muanaume nitakunywa namna gani?"

Mama Faida alikuwa amesikia. Wote walikuwa wamesikia. Juu pale upepo unabeba kila kitu. Nilimwona akisimama. Alipita katikati ya waombezi wake bila haraka, akaingia katika hema la wagonjwa, mtu wa kwanza kuingia humo tangu lijengwe, akatoka na kikombe changu. Hakunywea kule pembeni. Alikuja nacho mpaka katikati ya uwanja, juani, mahali anaposimama kuongoza, akakiinua na kunywa. Alikunywa polepole kama nilivyowafundisha, funda kwa funda, mpaka kikaisha. Kisha akakigeuza kichwa chini ili aonekane hakudanganya.

"Umeniona?" alimuuliza Kashindi.

"Nimeona, Mama."

"Basi usinishindie ukaidi. Kunywa."

Kashindi akanywa. Nyuma yetu mwanamume mmoja alisema, si kwa sauti kubwa, kwamba sasa funga imevunjika. Mama Faida alimgeukia.

"Funga ni ya Mungu," alisema. "Hizi figo, alinipatia Yeye, na mara ya pili akanirudishia. Sitamupelekea zikiwa zimekauka. Mwenye anataka kushuka, ashuke. Minye naendelea kuomba."

Hakuna aliyeshuka. Nami nilifikiri mambo mengi yasiyo na faida: kwamba wangemwondoa katika uongozi, kwamba nimeligawa kanisa, kwamba ningeulizwa. Pasta Elia alikuwa bado amepiga magoti kando ya Kashindi. Midomo yake ilikuwa imepasuka pande zote mbili. Aliniangalia.

"Mama Muganga, mu ile bidoni iko mungali maji?"

Nilimjibu kwamba katika dumu maji bado yapo.

"Lete na hapa," alisema.

Alikunywa mbele ya kanisa lake lote, akafuta mdomo kwa kiganja, kisha akaagiza turubai la hema lishushwe. Wanaume walilifungua, wakalifunga kati ya mawe makubwa mawili, likawa kivuli cha watu wote, wagonjwa na wazima, bila mlango na bila pembeni. Vijana wawili walitumwa chini na madumu matupu. Walirudi kabla ya jioni wakiwa wameyajaza. Funga ya chakula iliendelea mpaka siku ya tatu kama walivyoahidi. Maji yalipita kutoka mkono hadi mkono, kikombe kwa kikombe, na nilimsikia Kashindi, akiwa amelala na kitenge changu kifuani, akilalamika kwamba maji ya Muganga yana sukari kama ya kanisa tajiri. Nilikuwa nimemtilia seramu. Jioni ile sauti ya Mama Faida ilirudi yote, na sikumwomba aipunguze. Asubuhi ya siku ya tatu alinifuata tena nyuma ya mawe. Sikuhitaji kukigeuza kichupa kwenye mwanga.

Tulishuka wote kwa miguu. Mama Faida alitangulia, na Kashindi alikuja katikati, ngoma yake ikibebwa na mwingine, kwa amri yangu. Walikuwa wakiimba kwa midomo iliyopata maji, na watu wa mashambani walitoka kusimama kando ya njia, kwa kuwa walikuwa wamezoea kuwaona waombezi wakirudi kimya. Kituoni wenzangu walikuwa wametandika vitanda vyote na kutundika chupa za maji ya mshipa, kama tunavyofanya kila mwaka siku ya kushuka. Wimbo ulifika mlangoni, ukapita. Hakuna aliyeingia. Mwenzangu wa zamu alitoka barazani na glavu mikononi, akaniuliza kwa mikono ile wagonjwa wako wapi. Nilimpungia, na mimi pia nikapita.